Saratani changa ya tumbo: imefika kwenye tezi au bado?

"Daktari, imeshaenea?" Ndugu wa mgonjwa akifika dirishani kuchukua majibu ya kinyama cha tumbo, huuliza hilo kwanza. Maabara yetu ya patholojia hapa Kampala haina namna ya kuziona tezi za limfu, vile vinundu vidogo ambamo saratani hupenda kuenea kwanza, ambazo bado zimo mwilini, na hata CT skani hubahatisha: tezi ndogo yenye chembe chache za saratani huonekana salama kabisa, na iliyovimba huenda ina maambukizi tu. Kwa hiyo tunausoma uvimbe wenyewe, halafu tunakadiria.

La kwanza ni kina. Saratani changa ni ile iliyo kwenye utando wa ndani wa tumbo au tabaka linalofuata, haijagusa msuli. Ikiwa haijavuka utando, tezi huguswa kwa wagonjwa wachache sana, asilimia 2 hadi 5 hivi. Ikishuka tabaka la pili, hukaribia mmoja kati ya watano. Tunatazama pia upana, kama kuna kidonda, na kama chembe zimejipanga au zimetawanyika ovyo. Kinachotutia wasiwasi kuliko vyote ni saratani iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya limfu. Wajapani wana kipimo cha alama 7, kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake umekatwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, lakini masharti ya kupona hayakutimia: mishipa ya limfu peke yake hupewa 3. Mwenye 0 au 1, hatari ya tezi ni asilimia 2.5, mwenye 5 hadi 7, ni 22.7.

Hapo ndipo matibabu yanapoachana. Hatari ikiwa ndogo, kukatwa kwa kamera kunaweza kutosha na mgonjwa akabaki na tumbo lake. Ikiwa kubwa, mpasuaji huondoa sehemu ya tumbo, au lote, pamoja na tezi. Aliyeondolewa tumbo lote hula kidogo kidogo na kuchomwa sindano za vitamini B12 maisha yake yote, kwa hiyo si uamuzi wa kubahatisha.

Sasa kwenu wateja wetu wa kliniki. Vijinyama vya kuchunguza haviwezi kutuambia kina. Tunahitaji kipande chote kilichokatwa. Kikitumbukizwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hutufikia kimejikunja kama jani kavu la mgomba, na kingo hazisomeki tena. Kitandazeni kwenye kibao, kibaneni kwa pini, wekeni alama upande wa koo, kisha kizamisheni kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10 iliyo mara kumi ya ujazo wake. Kopo la mdomo mpana tunatoa wenyewe. Kwenye fomu andikeni kama kamera iliona kidonda, na kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa za alsa, maana dawa hizo zinaweza kukifunika kidonda cha saratani kikaonekana kimepona. Mikebe inayokuja kwa basi la usiku kutoka Mbarara au Arua tunaipokea asubuhi hiyohiyo, mradi namba ya simu ya daktari iwe imeandikwa kwenye kopo, si kwenye kifuniko.