Wanafunzi wenye ulemavu wapangiwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu vyuoni. Katika mitihani ya kidato cha sita, Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu na kuwaongezea muda. Wakifika chuoni, baadhi yao huanza upya: kumbembeleza kila mhadhiri, muhula baada ya muhula, kana kwamba wanaomba hisani, ilhali Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo.

Kuchapa jaribio kwa nukta nundu au kumpata mkalimani wa lugha ya alama si kazi ya usiku mmoja. Chuo kimuulize mwanafunzi mahitaji yake mara anapodahiliwa, kisha ofisi moja itoe barua itakayowabana wahadhiri wote kabla masomo hayajaanza.

Msomaji,
Morogoro