Shajara zetu na watakaozisoma
Ndugu wanakikundi,

Kabla hatujakutana tena, naomba kila mmoja aandike katika shajara yake, pamoja na tarehe kamili, uamuzi mmoja mgumu aliowahi kuufanya na sababu zilizomsukuma, kwa kuwa watakaotufuata watayaona matokeo ya maisha yetu lakini hawatazijua sababu zake tusipoziandika. Msiyadharau mambo madogo: Samuel Pepys, aliyeandika shajara jijini London kuanzia 1660 hadi 1669, alieleza jinsi alivyofukia jibini lake ardhini moto mkubwa wa 1666 ulipokaribia, na kwangu mimi maelezo hayo ndiyo yanayomwonyesha mtu mwenyewe. Andikeni kwa wino usiofutika, na mwambieni mtu mnayemwamini daftari linakohifadhiwa.