Wageni Lamu wanakula wapi?

Mhariri,

Naomba kanafasi niseme kuhusu chakula cha hapa kwetu Lamu. Wageni wakishuka kwa boti wengi wanaganda Usita wa Pwani, ile njia ya kando ya bahari, kwenye hoteli zenye menyu ya picha, wanakula chipsi na samaki kisha wanarudi kusema Lamu ni ghali. Jamani! Ingia ndani mtaa wa Langoni, asubuhi kuna mahamri kwa mbaazi za tui, na jioni magharibi ikishaingia kina mama wanatoa meza barazani, viazi karai, bajia, kachiri za muhogo na ukwaju wa pilipili, kando yake mishkaki inapiga moshi hadi unashindwa kupita na hela ziko mfukoni. Mkate wa mofa nao, ule wa mtama unaookwa kwa tanuri la udongo, ukipata wa moto na supu ya ng'ombe basi pizza sahau.

Tangu mji uingie orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 maneno ni milango na nyumba za mawe tu. Gazeti lenu litume mwandishi aje mitaani, ila aje na njaa, na Ramadhani mchana asije.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu