Mwandikie kwa Herufi Kubwa

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Rehema,

Salaam nyingi zikufikie wewe, shemeji na wote hapo Tanga. Sisi wazima, ila joto la mwaka huu halina huruma, usiku tunalala sakafuni. Nimekaa kimya tangu tulipoagana msibani, niwie radhi. Leo nina neno zito, na nimechagua kalamu badala ya simu. Sababu utaiona.

Mama Salma ameacha kuja darasani. Wiki ya tatu sasa.

Nianzie nyuma. Unakumbuka Mama Mihogo alivyobebewa friji? Ule ulikuwa mkopo wa kausha damu. Walimsomea karatasi mbio mbio, akatia dole gumba akiamini atarejesha kila mwezi, kumbe ni kila wiki. Alhamisi iliyofuata hatukununua hisa hata moja kwenye kikoba, tulikaa tukiulizana nani mwingine hajui kusoma. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Kati yetu 23, walikuwa 7. Wa mwisho kunyoosha alikuwa Mama Salma, mshika ufunguo wa sanduku letu! Miaka 19 tunapakana ukuta, na kila nikimpa karatasi husema miwani kaisahau ndani. Nililia, Mama Rehema. Wewe ulijua? Nadhani ulijua.

Basi tukaanzisha darasa barazani kwa Mama Mkubwa, Alhamisi baada ya hisa na Jumamosi alasiri. Halipi mtu, halipwi mtu. Ubao ni mlango wa zamani tulioupaka rangi nyeusi. Hatukuanza na a-e-i-o-u; tulianza na kitabu cha kikoba: jina, hisa, deni, marejesho. Kisha meseji za pesa za kwenye simu. Siku Mama Mihogo aliposoma mwenyewe neno "umepokea", alisimama katikati ya mkeka akashindwa kukaa.

Halafu tukapata binti aliyemaliza kidato cha sita, ana moyo, anakuja kwa nauli yake. Siku hiyo Mama Salma aliandika ubaoni jina lake lote kwa mara ya kwanza. Binti akafurahi mno, akatuambia tumpigie makofi ya kilo, akamwimbia kama wanavyoimbiwa watoto wa chekechea. Mama Salma akacheka na wenzake. Akakung'uta chaki vidoleni, akachukua khanga yake, akaenda. Hajarudi.

Binti hana ubaya, na amenililia mpaka nikambembeleza. Kosa ni letu sisi tuliomweka mbele bila kumwambia kuwa hawa ni watu wazima, wamezika, wamesomesha, wamejenga. Marehemu mama yangu alisoma ngumbaru, Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hakuna aliyemwimbia. Kule Kanda ya Ziwa watu walisomea vitabu vya pamba, ndizi na uvuvi, kazi zao wenyewe, na kufikia 1986 wasiojua kusoma nchini walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Mama Salma ni katika waliopitwa. Ana miaka tisa analetwa mjini kulea watoto wa watu, nani angempeleka shule?

Jumatano nilipita Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi, nikasoma habari za wanawake wa Marekani. Mwaka 1868 waandishi wa habari wanawake wa New York walizuiwa kuingia kwenye dhifa ya wenzao wanaume. Mmoja wao, Jane Cunningham Croly, akaunda klabu ya wanawake peke yao, Sorosis. Mwaka 1890 klabu za namna hiyo zikaungana kuwa shirikisho, na leo zinasifiwa kwa kuanzisha takriban robo tatu ya maktaba za umma za nchi ile. Hata masanduku ya vitabu walikuwa wakiyazungusha vijijini. Lakini kilichonikaa ni hiki: wengi wao chuo hawakukiona, klabu ndiyo ikawa chuo. Kila mmoja anapewa jambo lake akalisome, siku yake ikifika anawafundisha wenzake. Aliyefundisha leo, wiki ijayo anakaa chini kusikiliza.

Nikarudi kwenye daladala nikimuwaza Mama Salma. Huyu mwanamke ameshika kichwani madeni ya watu 23, riba na tarehe, bila kalamu, na hajakosea hata mara moja. Katibu na kikokotoo chake humsubiri yeye! Nataka arudi atufundishe hesabu za kichwa, mimi wa kwanza kukaa chini. Nimekwenda kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaoga, mara ya pili amelala, saa kumi jioni.

Kwa hiyo nakuomba: mwandikie barua. Yeye peke yake, si ya kupitia kwangu. Herufi kubwa, zilizoachana, maneno mafupi, ukurasa mmoja usijae. Darasa usilitaje kabisa. Muulize kitu anachokijua yeye tu, kama ule mchuzi wake wa papa, nazi anaitia lini, ili alazimike kukujibu kwa mkono wake. Nami sitamsomea hata akija kuniita.

Utaweza kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo? Na zile daftari zako za miaka ya ualimu bado zipo au mchwa wamekula? Shemeji mguu vipi? Rehema amejifungua? Mbona hamsemi? Na wewe lini unakuja Dar, maana Mama Mkubwa ameshasema zamu ya kwanza ya kufundisha wageni ni yako?

Barua hii anakuja nayo mpwa wangu kwa basi la asubuhi. Mpe jibu, na ile ya Mama Salma, anarudi Jumanne.

Nduguyo,
Mama Jamila