Hao "wala watu" wa kwenye muvi ni watu wenye jina na wapo hai

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu ile orodha yenu ya muvi za msituni mliyoitoa ukurasa wa burudani, mkaisifia Cannibal Holocaust ya mwaka 1980 mkasema inaonesha maisha halisi ya makabila ya Amazon. Halisi kwa nani jamani?

Ile muvi ya wazungu wanaoliwa na watu wa msituni ni ya Mtaliano, Ruggero Deodato, kaenda kuipiga upande wa Leticia, mji wa Kolombia ulioko kando ya mto Amazon, na wale watu wa msituni hata hakujisumbua kuwatungia jina, kawaita Yanomamo, wakati Wayanomami ni kabila lipo mpaka leo mpakani mwa Brazili na Venezuela. Hapo ndo tatizo langu lilipo. Angewaita jina la kubuni mimi nisingechoma bando langu kuwaandikia. Kilichokuwa cha kweli kwenye ile muvi ni wanyama, kobe, tumbili, nguruwe, hao waliuawa kweli mbele ya kamera. Watu walikuwa wanaigiza, ila waliigiza mpaka Italia wakamshtaki Deodato wakidhani kaua waigizaji, ikabidi awalete waonekane wazima. Kwa hiyo wale wazungu walisafishwa, kila mtu akajua hawakuliwa, lakini jina la Wayanomami likabaki humo humo na mpaka leo DJ wa kibanda umiza anakwambia "hawa ndo wala watu wenyewe".

Najua kuna mtu atadakia, mbona ni kweli wanakula maiti. Wayanomami wakifiwa wanachoma mwili, mifupa inasagwa, halafu ndugu na marafiki wanakunywa yale majivu kwenye uji wa ndizi. Ni msiba ule, watu wanalia, ndo heshima yao kwa marehemu. Hiyo na kumkimbiza mgeni porini ukamfanya mshikaki wapi na wapi. Na tukitaka kuulizana nani alimwinda nani, basi mwishoni mwa miaka ya 80 wachimba dhahabu wanaokadiriwa kufika 40,000 walivamia ardhi yao wakawaletea malaria na magonjwa mengine, mwaka 1993 wachimbaji wakaua watu 16 pale Haximu, kijiji cha Wayanomami, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na hii juzi tu Januari 2023 serikali ya Brazili ikatangaza dharura ya afya huko maana watoto walikuwa wanakufa kwa njaa na malaria, wachimbaji wakiwa wamerudi tena.

Mmeweka pia The Mission ya 1986. Hii naipenda kiukweli, ule muziki wa Morricone sijui alikula nini yule mzee. Lakini angalieni steringi ni nani. Robert De Niro, mkamata watumwa aliyetubu akajiunga na mapadri, ndo anakuja kuwapanga Waguarani kupigana. Sasa historia yenyewe ni kwamba mwaka 1750 Hispania na Ureno waligawana ardhi kwa mkataba wa Madrid, Waguarani wa misheni saba wakaambiwa hameni, wakagoma, na aliyekuja kuwa kiongozi wao mkubwa vitani ni Mguarani mwenzao, Sepé Tiaraju, aliyeuawa Februari 1756. Mtu na jina lake na tarehe yake ya kufa, Wabrazili wanamhesabu shujaa! Kwenye muvi humuoni, kuna chifu tu asiye na jina. Halafu wanaoigiza Waguarani ni Wawaunana waliotolewa Kolombia, ni sawa na kuchukua Wamakonde waigize Wamasai ukategemea hakuna atakayeshtuka, na kweli huko nje hakuna aliyeshtuka, muvi ikachukua tuzo kubwa ya Cannes.

Sisemi zisiangaliwe, kila mtu na kingamuzi chake. Ninachoomba mkiandika, mwambieni msomaji hili ni kabila gani, wanaoigiza ni kina nani, na kama jina limesingiziwa semeni limesingiziwa. Mistari miwili haiwashindi.

Na mpanue orodha basi. Embrace of the Serpent ya Ciro Guerra, ya 2015, imepigwa huko huko Amazon ya Kolombia, na mganga Karamakate ndo steringi mwenyewe, wazungu wanamfuata yeye na yeye ndo anaamua wapite wapi na wale nini. Akiwa kijana kaigizwa na Nilbio Torres, akiwa mzee na Antonio Bolívar, wote wenyeji wa msitu huo. Kuna sehemu mvuna mpira aliyekatwa mkono anaomba auawe maana utomvu wake umemwagwa na anajua bosi atamfanya nini, nikakumbuka Kongo ya Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji, watu walikokatwa mikono kwa ajili ya mpira, moja kwa moja, na si bure, maana Roger Casement yule yule aliyeandika ripoti ya Kongo mwaka 1904 ndo alitumwa Putumayo, eneo la mpira huko Amazon, mwaka 1910 akakuta mambo yale yale. Muvi ilifika mpaka Oscar, ya kwanza kwa Kolombia kuteuliwa. Mzee Bolívar alifariki 2020 kwa korona, tena pale pale Leticia.

Nyingine ni The Territory ya 2022, dokumentari ya kabila la Wauru-eu-wau-wau wa Rondônia, Brazili, watu hawafiki hata 200. Korona ilipoingia wakafunga mpaka wao, timu ya nje ikabaki nje, wakapiga picha wenyewe huku wanawasaka wavamizi wanaokata msitu wao.

Ma-DJ wa kutafsiri watalalamika, maana Embrace imejaa lugha kama Kikubeo na Kiwitoto. Maandishi ya Kiingereza yapo chini, watafsiri hayo, na pale mzee anaponyamaza na wao wanyamaze, wasitujazie vichekesho.

Msomaji wenu,
Morogoro