Barua kwa mwanangu anayehamia Dubai na watoto wa shule

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na habari ya kazi imetufurahisha sote. Umeniuliza shule ipi ya kimataifa ni nzuri huko Dubai. Jina la shule lina nafasi yake, lakini lisiwe la kwanza. Anza kwa kujiuliza hivi: siku mkataba wako utakapokwisha, watoto hawa wataendelea na masomo wapi, na kwa cheti gani? Dubai ukaazi unakwenda na ajira. Kazi ikikatika, viza za wategemezi ndizo hufutwa kwanza, kisha ya kwako, na unabaki na muda wa kujipanga tu. Ukichagua shule kwa uzuri wa bwawa la kuogelea na urefu wa maktaba, ukaja kuhama katikati ya mtaala usiopokeleka kwingine, anayelipa ni mtoto.

Kwa hiyo mitaala kwanza. Shule za mtaala wa Kiingereza huhesabu madarasa kwa Year. Mtoto hufanya mtihani wa IGCSE mwisho wa Year 11, akiwa na miaka 16 hivi, halafu A Level mwisho wa Year 13. Kwa anayetoka Tanzania na huenda akarudi Tanzania, huu ndio mtaala rahisi kuliko yote, kwa sababu NECTA, baraza letu la mitihani, inao utaratibu wa kulinganisha matokeo hayo na ya kidato cha nne na cha sita. Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) nayo inaheshimika vyuoni duniani kote: masomo sita, insha ya utafiti ya maneno 4,000, na alama za juu kabisa ni 45. Ila ni mzigo mzito, na ada ya shule zake huwa juu. Mtaala wa Kimarekani uutazame kwa makini. Diploma yao peke yake, bila mitihani ya AP (ya masomo ya ngazi ya chuo), vyuo vingi vya Uingereza haviihesabu kuwa sawa na A Level, na shule isiyo na ithibati ya chombo kama NEASC au Cognia inaweza kukuachia cheti chenye maswali. Shule za Kihindi, za CBSE (bodi ya elimu ya India), zina ada nafuu na huanza mwaka Aprili, jambo linalomfaa mtoto aliyemaliza darasa kwetu Disemba. Usizidharau.

Sasa madarasa ya watoto wako. Shule za Kiingereza humpanga mtoto kwa umri, hazijali sana alikofika. Chukua namba ya Year, ongeza nne, utapata umri wa mtoto anapoanza darasa hilo. Mdogo mwenye miaka tisa ni wa Year 5, na mkubwa mwenye kumi na mitatu ni wa Year 9. Usishtuke ukiona namba imepanda, hajarushwa darasa. Ila uliza kwa maandishi tarehe ambayo shule inaitumia kukatia umri, maana wiki mbili za kuzaliwa zinaweza kumsogeza mtoto mwaka mzima.

Kwa mkubwa, Year 9 ni mahali pazuri pa kuingilia. Ndipo wanafunzi huchagua masomo ya IGCSE, na kozi yenyewe huanza Year 10 na kuchukua miaka miwili. Hapo ndipo ninapokusihi uwe mkali: usikubali ahamishwe shule kati ya Year 10 na Year 11 kama kuna njia nyingine yoyote. Shule moja hufundisha kwa bodi ya mitihani ya Cambridge, jirani yake kwa Pearson Edexcel. Vitabu vya fasihi hutofautiana, mpangilio wa mada za sayansi hutofautiana, na kazi za darasani zinazohesabiwa kwenye mtihani haziendi na mtoto. Anayehama wakati huo huwa ameshasoma mada ambazo wenzake bado, na hajui zile ambazo wenzake wamezimaliza. Hali ni hiyo hiyo kwa miaka miwili ya A Level na ya IB. Ukijadili mkataba, omba muda wake uishie Juni au Julai ya mwaka ambao mkubwa anamaliza Year 11, au uvuke hadi Year 13. Watu hujadili mshahara na nyumba wakasahau mwezi wa kumalizia, na huo mwezi ni bure kuuomba.

Karatasi ndizo zinazowakwamisha watu wetu kuliko mitihani ya kuingilia. Ripoti ya muhula si cheti cha uhamisho. Shule ya Dubai inataka barua ya shule anayotoka, yenye majina kamili ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, darasa alilosoma, tarehe aliyoondoka, na kauli kwamba amefaulu kuingia darasa linalofuata. Watoto wanaotoka Ulaya Magharibi au Marekani ya Kaskazini hawasumbuliwi na mihuri. Wanaotoka kwetu ni lazima. Mkuu wa shule anasaini, wizara ya elimu inathibitisha saini yake (kama shule iko Zanzibar ni wizara ya huko), Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha wizara ya elimu, ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam unathibitisha Mambo ya Nje, na mkifika huko wizara yao ya mambo ya nje inamalizia. Kila ofisi hutazama muhuri wa ofisi iliyotangulia tu. Ukiruka mmoja unarudishwa mwanzo, na ukiwa tayari Dubai itabidi utume karatasi nyumbani kwa ndugu apange foleni badala yako. Zipo shule zinazompokea mtoto kwa hati ya ahadi kwamba karatasi zitaletwa, lakini ahadi hiyo ina mwisho.

Majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. Watoto wetu wengi wana majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa, mawili kwenye ripoti za shule, na babu akaandikwa kwa tahajia nyingine kwenye pasipoti. Rekebisha hilo kabla ya muhuri wa kwanza, kwa sababu ukishagongwa huwezi kubadili neno bila kuanza upya. Cheti cha kuzaliwa nacho kipitishe njia hiyo hiyo wakati mmoja, utakihitaji kwa viza ya mtoto. Karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika kisheria. Ongeza kadi ya chanjo na ripoti za miaka miwili iliyopita.

Kuhusu jaribio la kuingilia, shule nyingi za Kiingereza hutumia CAT4. Lina sehemu nne: maneno, namba, maumbo, na nafasi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huangushwa na sehemu ya maneno, na alama ya jumla ikashuka ingawa akili iko pale pale. Mwombe mkuu wa udahili akuonyeshe alama za kila sehemu peke yake. Kama namba na maumbo ziko juu na ya maneno iko chini, mdogo anahitaji msaada wa Kiingereza, hana upungufu wa kujifunza. Tofauti hiyo ina bei, maana shule nyingine hutoza zaidi kwa masomo ya ziada ya lugha, na zaidi sana kwa msaidizi wa darasani. Usisaini lolote la msaidizi kabla hujaona alama hizo.

Tuje kwenye pesa. Shule binafsi za Dubai zinasimamiwa na mamlaka iitwayo KHDA, na kila shule ina karatasi ya ada iliyoidhinishwa, inayoonekana kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Isome darasa kwa darasa, usiishie darasa la leo. Ada hupanda mtoto anavyopanda, na posho ya elimu ya mwajiri aghalabu hubaki pale pale. Tuseme ada ni dirham 45,000 kwa mwaka, yaani kama dola 12,250, na mwajiri anatoa hadi 35,000 kwa kila mtoto. Unadhani pengo ni 10,000. Weka basi la shule 6,000, sare 1,500, kishikwambi au kompyuta 2,500, safari za masomo na mitihani 1,500: jumla imekuwa 56,500. Pengo ni 21,500 kwa mtoto mmoja, 43,000 kwa wawili. Hayo ni malipo ya kila mwaka, ukiacha kompyuta, na mtihani wa IGCSE hulipiwa kwa kila somo.

Basi kabla ya kusaini, uliza mwajiri maneno yaliyonyooka. Posho ni kwa watoto wangapi? Inalipwa shuleni moja kwa moja, au unalipa wewe ukarudishiwa? Kama ni kurudishiwa, utahitaji fedha ya muhula wa kwanza mkononi kabla ya mshahara wa kwanza. Je, inagusa amana, basi na mitihani? Na ukiacha kazi katikati ya muhula, watakukata? Swali hili la mwisho watu huliogopa, nalo ndilo lenye maumivu.

Amana ya kushika nafasi kwa mwanafunzi mpya huweza kufika asilimia 10 ya ada, nayo hukatwa kwenye ada. Ukimwondoa mtoto baada ya wiki mbili au pungufu, shule huweza kubakiza ada ya mwezi mmoja. Kati ya wiki mbili na mwezi, ya miezi miwili. Zaidi ya mwezi, ada ya muhula mzima. Utayakuta katika mkataba kati ya mzazi na shule, ambao utausaini kila mwaka. Usome. Cheti cha kuondokea nacho hutolewa baada ya hesabu zote kufungwa, na shule nyingine haimsajili mtoto bila cheti hicho, kwa hiyo usiruhusu deni la shule likukute siku ya kuhama. Ukilipa kwa hundi za tarehe za mbele, ziandike kwa tarehe zinazofuata siku ya mshahara.

Wakaguzi wa KHDA huipa kila shule moja ya madaraja sita, kuanzia bora kabisa hadi dhaifu sana. Usisome daraja peke yake. Ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka ulisitishwa mwaka wa masomo 2024/25, hivyo angalia tarehe ya ripoti kwanza, na uone kama mkuu wa shule ni yule yule. Ndani ya ripoti kuna namba mbili zinazosema mengi: wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, na asilimia ya walimu wanaoondoka kwa mwaka. Shule inayopoteza theluthi ya walimu kila mwaka siipendi hata ikiwa na daraja la juu, kwa sababu mwalimu wa IGCSE akiondoka katikati ya kozi, darasa zima hulegea.

Kiarabu ni lazima kwa watoto wasio Waarabu hadi Year 10, na watoto wetu Waislamu watakuwa na Elimu ya Kiislamu hadi mwisho wa shule. Waliopita madrasa wanajua herufi, lakini wamezoea maandishi yenye irabu, na vitabu vya shule huzipunguza kadiri madarasa yanavyopanda. Sema mapema ni mwaka wao wa kwanza wa Kiarabu, wawekwe kundi la wanaoanza, wasichanganywe na wenzao wa mwaka wa tano.

Ratiba isikushangaze. Tangu Januari 2022 wikendi ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa shule hufunga kabla ya swala. Kama ofisi yako inafanya kazi Ijumaa hadi jioni, lazima kuwe na mtu wa kuwapokea. Hilo pia liingie kwenye bajeti.

Nabakiza Kiswahili, na hili ni la moyoni. Kuongea watakuongelea, ila uandishi hupotea haraka, hasa kwa yule wa miaka tisa. Cambridge ina IGCSE ya Kiswahili, namba 0262. Shule haina haja ya kulifundisha somo hilo. Inachotakiwa ni kukubali kumsajili mtoto kama mtahiniwa, nawe utafute mwalimu na ulipie karatasi. Liulize hilo siku ya udahili, na ulikumbushie mwanzoni mwa Year 11, kwa maana usajili wa mtihani wa Mei na Juni hufungwa miezi kadhaa kabla. Akifika IB, anaweza kusoma fasihi ya Kiswahili kama lugha ya kwanza kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule, na akifaulu pamoja na fasihi ya Kiingereza hupata diploma ya lugha mbili. Wachache wa kwetu wanaliomba, na shule haitakwambia usipouliza. Mpaka hapo, kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kila Jumamosi, anitumie, nami nitasahihisha na kurudisha.

Wiki hii nenda kwa mkuu wa shule ukaombe barua za uhamisho, ukiwa na pasipoti za watoto mkononi. Na ule ukurasa wa posho kwenye mkataba nitumie picha yake kabla hujasaini.

Msalimie mwenzio, na wajukuu zangu wabusu.

Mama yako