Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: Darasa la Kwanza hawajui mchapishaji ni nani

Kwako Afisa Elimu wa Awali na Msingi wa halmashauri yetu,

YAH: FOMU MOJA YA MAKTABA KWA MADARASA YOTE

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyekabidhiwa maktaba ya shule, yaani chumba kilichokuwa stoo ya majembe na ndoo. Sasa kina rafu tatu, mikeka miwili na vitabu vya kutosha kuringia. Siandiki kuomba vitabu, ingawa ukivipata usitusahau. Naandika kuhusu fomu ya ufuatiliaji tuliyoletewa mwanzo wa muhula, inayomtaka kila mwanafunzi, wa Kwanza hadi wa Saba, aazime kitabu kila wiki kisha ajaze jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, muhtasari na "funzo nililopata".

Wiki ya kwanza niliifuata kama ilivyo, maana agizo ni agizo. Kipindi cha Darasa la Kwanza ni dakika 30. Kumi ziliishia kwenye kugawa karatasi na kuchonga penseli. Mbele yangu mtoto mmoja alikuwa ameshika kitabu cha picha kichwa chini miguu juu, "anasoma" kwa sauti habari za sungura. Sungura hakuwemo. Kitabu kilihusu maji safi na salama. Nikamnyang'anya ili ajaze mchapishaji, na aibu ya siku ile ninayo mpaka leo. Mtoto yule alishajua kwamba ndani ya kitabu mna hadithi, kwamba inaanza mahali na inakwenda mahali, na kwamba ukifika mwisho wa ukurasa unafunua. Ilibaki kumgeuzia kitabu tu.

Tangu hapo, Awali hadi la Pili nakaa nao mkekani. Nasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari kutoka kushoto. (Huku pwani wengi wao alasiri wako madrasa, wanasoma kutoka kulia. Anayefungua kitabu kwa nyuma ameshafundishwa vizuri, ila kwa maandishi mengine.) Kisha nawaacha wachague. Migongo ya vitabu vyao nimeipaka rangi ya kucha nyekundu, basi anajua vyake ni vyekundu na vinarudi kwenye rafu ya chini, anayoifikia mwenyewe. Darasa la Pili wako 94, kwa hiyo wanaingia kwa zamu na wengine wanabaki na mwenzangu chini ya mwembe.

La Tatu na la Nne ndilo kundi ambalo fomu yako imelisahau kabisa, na ndilo lenye kazi nzito. Msichana wa Darasa la Nne alinijia amenuna: "Mwalimu, kamusi hii mbovu, haina kukimbia." Alikuwa ameipekua K yote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kamusi yetu inavua vitenzi ile ku-, kwamba kukimbia kumekaa kwenye kimbia, kusoma kwenye soma, na kula, watoto hucheka hapa, kwenye la, herufi mbili basi. Mzuri umtafute kwenye zuri. Miti urudi kwenye mti. Na meno? Darasa zima lilikimbilia M. Ilibidi niwaulize, likiwa moja unaliitaje, ndipo mmoja akapiga kelele "jino!" na vidole vikahamia J.

Somo hilo linanichukua wiki tatu, nne kwa wanaochelewa. Ukilipeleka Darasa la Pili unawatesa, maana bado wanapambana na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ukilisubirisha hadi la Sita unakuta mtoto ameshajizoeza kuuliza jirani, kamusi haifungui tena. Lakini kwenye fomu, wiki zote hizo zinaonekana kama uzembe: vitabu vilivyoazimwa, sifuri.

Wakubwa nao wana shida ya upande wa pili. Wa Darasa la Saba fomu ile anaijaza kwa dakika tano huku akipiga soga. Mwandishi na mchapishaji ananakili kwenye jalada, muhtasari ananakili nyuma ya kitabu, na funzo ni lile lile kila wiki: tuwatii wazazi. Mwezi uliopita niliwapa swali moja tu, Tanzania ina mikoa mingapi, na vitabu viwili. Kimoja kilisema 26, kingine 31. Wakagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga. Nikawaambia waangalie mwaka wa kuchapwa. Cha 26 kilikuwa cha kabla ya 2012, kabla ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Songwe ukaja 2016, ikawa 31. Nilidhani tumemaliza. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, lakini Mwalimu, hata leo Bara peke yake ni 26, ile mitano ni ya Zanzibar. Kweli kabisa. Namba ile ile, maana mbili. Kengele ya mapumziko ililia wakabaki wanabishana, na mimi sikuwatoa.

Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 unaishia Darasa la Sita. Hayo ya kulinganisha vitabu itabidi yashuke mwaka mmoja, na ya kamusi hayana pa kuchelewa tena.

Ombi langu ni dogo. Fomu ya wadogo ajaze mwalimu, kwa swali moja: amechagua kitabu mwenyewe? Wa katikati waandike neno walilolitafuta na herufi walikolikuta. Wakubwa waandike vitabu viwili vilipotofautiana na wao wamekiamini kipi, kwa nini. Na semina ikiitishwa tena, tafadhali msituchanganye. Ile ya mwisho mwalimu wa Awali na mwalimu wa la Saba tulikaa benchi moja siku nzima tukifundishwa kupiga mistari kwenye daftari la kuazimisha.

Ukiweza, njoo Alhamisi, kipindi cha tatu. Viatu utavua mlangoni.

Fomu za muhula huu nimeziambatisha. Za Darasa la Tano hadi la Saba zimejazwa. Za Darasa la Kwanza nazirudisha tupu, isipokuwa moja ambayo yule mtoto wa sungura ameichora kwa nyuma. Sungura amesimama bombani, anakinga maji kwenye ndoo. Nimeiweka juu kabisa.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa maktaba